Kiberiti cha Mfuko wa Kushoto

Sipendi wageni wazungumzaji. Naliweka hili wazi mapema, asije mtu akasoma akitegemea kwamba huko mbele nitalainika. Nafundisha maadili ya biashara katika tawi dogo la chuo hapa Mpanda, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimelazimishwa kulifundisha somo hilo kwa midomo ya watu ambao mimi mwenyewe nisingewakabidhi funguo za choo.

Wazo halikuwa langu. Mkuu wa idara alikwenda warsha Dodoma, akarudi na mkoba mpya wa turubai na maneno mapya. Akaniita ofisini akaniambia wanafunzi wa siku hizi hawataki nadharia, wanataka watu waliofanikiwa waje wawaeleze maadili kwa vitendo. Nilimuuliza, waliofanikiwa katika maadili au katika biashara? Akacheka, akasema, "Madam, wewe nawe." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila nililowahi kumuuliza, na tulikuwa tumeshazoeana hivyo.

Chuo chetu kimepanga mtaa wa Shanwe, katika jengo lililokuwa ukumbi wa harusi. Nasema lililokuwa, lakini Jumamosi bado linakodishwa, kwa hiyo mapazia ya zambarau na dhahabu hayashuki, maua ya plastiki hayatoki, na Jumatatu asubuhi ninafundisha uadilifu huku nikikanyaga punje za pilau. Kule mbele kuna jukwaa la maharusi. Hapo ndipo tunapomkalisha mgeni, kwenye kiti kikubwa cheupe cha bwana harusi, na mkuu wa idara anakaa kwenye kile cha bibi harusi. Wanafunzi walicheka mara ya kwanza tu. Baada ya hapo wakazoea, na mimi kilichonichukiza zaidi ni hilo la kuzoea.

Kisha kuna itifaki. Mshereheshaji, ambaye ni mwanafunzi mwenye sauti kubwa kuliko wenzake, anamkaribisha mkuu wa idara, mkuu wa idara anamkaribisha mgeni kwa hotuba ndefu kuliko ya mgeni, mgeni anapigiwa makofi kabla hajafungua mdomo, anazungumza juu ya utoto wake bila viatu, anapigiwa makofi tena, halafu yanafuata maswali mawili, na mawili tu, kwa sababu ya muda. Na maswali hayo hayaulizwi na wanafunzi. Yanaandikwa na mkuu wa idara kwa mkono wake, kwenye vikaratasi, na kazi yangu mimi ni kuvigawa. "Mheshimiwa, ni siri gani iliyokufikisha hapo ulipo?" ndilo swali la kwanza, siku zote. La pili hubadilika kidogo, lakini huwa linaishia na ombi la nafasi za mazoezi ya kazi, yale ambayo wanafunzi wetu wanayaita field na bila hayo hawahitimu.

Sasa jiulize kama ningewapenda. Alikuja mkandarasi akatuambia maadili ndiyo mtaji wake wa kwanza, na wiki hiyo hiyo mtaro aliojenga nyuma ya nyumba niliyopanga uliondoka na mvua, saruji na mawe yake, ukaenda kulala kwenye shamba la mahindi la jirani. Alikuja afisa wa benki, akazungumza saa nzima juu ya gari lake. Nikakaa pembeni ya jukwaa, miguu imebanana, uso umekunjamana, nikiandika kwenye daftari "mgeni amesisitiza uaminifu", kwa sababu baadaye ripoti lazima iandikwe, na mwandishi wa ripoti ni mimi.

Mwaka jana mkuu wa idara akanitangazia kwamba amempata mgeni mkubwa kuliko wote, mnunuzi wa asali. Mtu huyu ana magari, ana kiwanda cha kufungasha, asali yake inauzwa mpaka nje ya nchi, na ameahidi nafasi kumi na mbili za field. Kumi na mbili! Mkuu wa idara alilitaja hilo kwa sauti ya mtu anayeelezea ndoto. Nilichokumbuka mimi ni kwamba mgeni lazima aondoke na zawadi, na kwamba kutafuta zawadi ni kazi yangu nyingine ambayo haimo kwenye mkataba.

Darasani kwangu kulikuwa na binti mmoja wa mwaka wa pili, mtoto wa mrina asali wa Ugalla. Alikaa karibu na dirisha, hakuongea, aliandika kila kitu, hata mizaha yangu aliiandika. Wiki mbili kabla ya ugeni alikuja ofisini kwangu na swali. Nilikuwa nasahihisha, kwa hiyo nilimsikiliza kwa sikio moja.

Akaniambia hivi. Baba yake alipeleka ndoo ya asali kwenye kituo cha kukusanyia, kule kwao, siku ambayo mnunuzi mwenyewe alifika. Mnunuzi hupima kwa kiberiti: anachovya njiti kwenye asali, anaikwangua, ikiwaka asali ni safi, ikigoma basi imetiwa maji. Njiti ya baba yake iligoma. Akakwangua tatu, zote zikagoma. Mnunuzi akasema mbele ya majirani wote kwamba mzee huyu ni mchakachuaji, akachukua rangi nyekundu akachora msalaba kwenye mfuniko wa ndoo, na mzee akarudi nayo nyumbani kwenye baiskeli, kijiji kizima kikitazama ule msalaba. Mzee huyo amerina asali tangu ujana, kwenye mizinga ya magome aliyofundishwa na baba yake, na hajawahi kutia maji wala sukari. Tangu siku ile haendi kusali na wenzake. Anasali nyumbani.

"Madam," akaniuliza, "kama mtu amesema uongo juu ya mtu mbele za watu, maadili yanasema uongo huo usahihishwe wapi?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa, kwa kuwa ilikuwa mada ya tano na nilikuwa nimeifundisha asubuhi. "Mbele za watu, vile vile kama ulivyosemwa. Madhara ya hadharani hayarekebishwi chumbani."

"Nashukuru, Madam."

Akaandika. Sikumuuliza huyo mnunuzi ni nani. Wanunuzi wanaofika Ugalla hawajai hata mkono mmoja, ningeuliza ningejua, lakini nilikuwa na karatasi hamsini mbele yangu na kalamu ilikuwa inavuja. Badala yake, nikiwa na akili ya zawadi, nikamuuliza kama anaweza kutuletea asali nzuri kutoka kwao. Akafunga daftari lake. Akasema anaweza, atamwambia baba.

Asali ikaja kwenye ndoo ya lita ishirini. Nilipoipokea niliona mfuniko umesuguliwa kwa mchanga mpaka umepauka, na wekundu kidogo umebaki kwenye mikunjo. Nikaona, na nikajitia sijaona, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na ugeni ulikuwa kesho. Tena, na hapa najichukia kabisa, nikampa yeye kikaratasi cha swali la kwanza. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mkimya. Katika darasa zima ndiye niliyekuwa na hakika naye kwamba atasoma alichoandikiwa na kukaa chini.

Mgeni alifika amechelewa, kama ilivyo ada ya wageni, amevaa kaunda suti ya rangi ya kahawia yenye mifuko minne. Akakaa kwenye kiti cha bwana harusi. Akaanza na utoto wake bila viatu. Akaendelea na maisha yake ya kulala porini, simba, na watu waliomcheka. Nilikuwa naandika "mgeni amesisitiza uvumilivu" alipofika kwenye uaminifu.

"Wanangu," akasema, "biashara ya asali inataka uaminifu, lakini huwezi kuwaamini watu. Wananchi wetu ni waongo. Nisemeje zaidi? Mtu anakuletea ndoo anakuapia kwa Mungu, ndani kachanganya sukari guru na maji. Kwa hiyo mimi nina kipimo changu. Hakidanganyi, hakihongwi. Mnataka kuona?"

"Ndiyooo!" ukumbi ukaitika.

Mkuu wa idara akanikonyeza, nikapeleka ile ndoo jukwaani. Mgeni akafungua mfuniko, akanusa, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Akatoa kiberiti kwenye mfuko wa kulia. Akachovya njiti, akaikung'uta, akaikwangua. Ikawaka, moto mzuri wa manjano, akaiinua juu kama mshumaa. Watu wakashangilia.

"Hii," akasema, "ni asali ya miombo, safi, daraja la kwanza. Sijaonja kama hii mwaka huu mzima. Huyu aliyewauzia ni mtu mwaminifu, naomba mnipeleke kwake."

Wakati wa maswali ukafika. Mshereheshaji akaita swali la kwanza. Binti akasimama pale dirishani. Kikaratasi changu alikuwa nacho mkononi, nilikiona, akakikunja mara mbili akakiweka juu ya meza.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba binti yangu."

"Nashukuru kwa kuisifia hiyo asali. Ni ya baba yangu. Ndiyo ile ile ndoo uliyoikataa kule kwetu Ugalla mwezi uliopita, ukasema baba kachakachua, ukaipiga msalaba. Ukiangalia kwenye mfuniko bado rangi ipo."

Mgeni akatazama mfuniko. Kila mtu alimwona anautazama.

"Wazee wa kule nyumbani wanasema una viberiti viwili," akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wanasema cha kulia unapimia unapotaka kununua kwa bei nzuri mbele ya wakubwa. Cha kushoto kimelowa kidogo, unapimia kwetu ili tukuuzie kwa bei ya kutupa. Mimi sijui kama ni kweli. Naomba tu utupimie tena hii asali hapa hapa kwa kiberiti cha mfuko wa kushoto. Kama hakuna kiberiti, mimi nitakuomba radhi mbele yenu wote. Kama kipo na kinawaka, nitakuomba radhi vile vile."

Mkono wa kushoto wa mgeni ukapanda mpaka kwenye mfuko. Ukafika pale ukatulia juu ya kifungo. Nyuma ya ukumbi mtu mmoja akasema, "Mzee, toa!" Wengine wakaanza kuguna. Mkuu wa idara akanigeukia na macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeona nafasi kumi na mbili zinatoka mlangoni zikipunga mkono.

Ningeweza kukaa. Ningekaa kimya dakika moja tu, mkono ule ungelazimika kushuka au kufungua. Dakika moja, katika miaka yote ya kuhubiri. Badala yake nikasimama. Sikufikiri, na ndilo linaloniuma, kwamba mwili wangu ulikuwa umeshajua la kufanya kabla yangu. Nikasema kwa sauti ya uchangamfu, "Jamani, muda wetu umekwisha, tumpigie mgeni wetu makofi ya mvua!"

Makofi ya mvua kila mtu aliyesoma shule ya msingi anayajua. Unaanza kwa kidole kimoja juu ya kiganja, manyunyu, halafu viwili, vitatu, mpaka viganja vizima na mvua inanyesha kweli. Nikaanza mimi. Wanafunzi wakanitazama, wakamtazama mwenzao, halafu mmoja mmoja wakafuata, kwa sababu mwalimu amesema. Hawa ndio watu niliowafundisha kujitegemea kimawazo. Mvua ikajaa ukumbini, na binti akabaki amesimama katikati yake, mikono imening'inia, akinitazama mimi. Hakumtazama mgeni tena. Mpaka leo sijui mfuko wa kushoto ulikuwa na nini.

Afisa nyuki mmoja aliniambia baadaye kwamba kipimo hicho cha njiti hakithibitishi kitu, ikiwaka au ikigoma. Nilimsikiliza nikataka kumrushia kikombe cha chai. Tulikuwa na ukumbi mzima, chuo kizima, na hakuna mtu, nami nimo, aliyejua hata hilo.

Jumatatu mkuu wa idara akaniita. Mgeni ameudhika. Ameondoka na ndoo, lakini ameudhika. Nafasi za field zimesimama mpaka apewe barua ya kuombwa radhi, iandikwe na mwanafunzi, na iwe na muhuri wa chuo.

"Na iwe na sentensi moja ya wazi kuhusu upimaji," akasema. "Ameitaka hiyo sentensi."

"Sentensi gani?"

"Kwamba kule kijijini walipimiwa kwa haki. Madam, usituharibie. Wanafunzi kumi na wawili. Wazazi wao utawaambia nini?"

Nilimwambia ni uovu. Nilitumia neno hilo hilo, uovu, na nilipiga meza. Alinisubiri nimalize kama mtu anavyosubiri gari lipite ndipo avuke barabara. Halafu akaniuliza kama barua iandikwe na binti mwenyewe, ambaye anaweza akaandika lolote, au nimwandikie mimi yeye asaini tu. Nikasema nitaandika mimi. Nilijidanganya kwamba nikiandika mimi nitailainisha.

Sikuilainisha. Niliiandika vizuri. Mimi nina mkono mzuri wa barua, watu wa ofisini wanajua, na kalamu ikishaanza inapenda kusifiwa. Aya nne, kila koma mahali pake. Kwenye aya ya tatu nikaandika: "Nakiri kwamba asali ya baba yangu ilipimwa kwa haki na kwa uwazi, na kwamba tuhuma nilizotoa hazikuwa na msingi." Nikaisoma, nikabadilisha "uwazi" nikaweka "uwazi wa kutosha", nikaona inapendeza zaidi ilivyokuwa, nikarudisha.

Binti alikuja saa nne asubuhi. Akaisoma yote akiwa amesimama, ingawa kiti kilikuwepo.

"Madam, hii sentensi ya asali ya baba ni lazima iwepo?"

"Ni barua tu," nikamwambia. "Itakaa kwenye faili. Hakuna atakayeisoma."

"Uliniambia usahihishwe mbele za watu."

"Nilikuwa nafundisha."

Ndivyo nilivyosema. Ningependa kudai nilisema kitu kingine, au kwamba sauti yangu ilitetemeka. Haikutetemeka. Nilikuwa nimekasirika, na kwa kuwa sikuweza kumkasirikia niliyestahili kumkasirikia, nikamkasirikia yeye kwa kunisimamia mezani. Akauliza asaini wapi. Nikamwonyesha. Akasaini kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

Baada ya hapo aliendelea kukaa dirishani na kuandika. Kila aliponiona alinipa shikamoo kamili, kwa heshima isiyo na pengo hata moja la kuingiza neno. Mizaha yangu hakuiandika tena. Nafasi kumi na mbili zikarudi, wanafunzi kumi na wawili wakaenda field, na katika ripoti ya mwaka, ambayo mwandishi wake mnamjua, ugeni ule uliwekwa kati ya mafanikio ya idara.

Miezi ikapita, na mimi nikawa na wazo. Niogopeni nikiwa na wazo. Nikasema nitamwalika yule mzee, baba yake, awe mgeni mzungumzaji. Akae kwenye kiti cha bwana harusi, aeleze jinsi asali inavyorinwa na mtu asiyedanganya, wanafunzi wale wale wamsikilize, wampigie makofi. Hapo nitakuwa nimerekebisha hadharani, kama mada ya tano inavyotaka. Nililipenda wazo hili kiasi kwamba niliamka nalo Jumamosi moja, nikapanda bodaboda kwenda Ugalla bila kumwambia binti. Njia nzima vumbi linaingia mdomoni, na mimi ndani ya helmeti naandaa hotuba ya kumkaribisha.

Nilimkuta mzee kwenye kituo cha kukusanyia asali. Ni banda la bati, lina mizani, na siku ile kulikuwa na watu kama kumi na ndoo zao, wakisubiri gari. Yeye hakuwa na ndoo. Alikuwa amekaa kwenye gogo kando, anasokota kamba ya kupandia miti yenye mizinga. Nikamsalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umetoka mbali?"

Nikajitambulisha kwamba mimi ndiye mwalimu wa binti yake. Mikono yake ikaacha kamba. Akasimama, akanipa mkono, akawaambia wale wengine kwa Kikonongo neno ambalo sikulielewa, nao wote wakageuka wakanitazama. Nikaanza hotuba yangu. Nikamweleza kwamba chuo kingependa kumheshimu, kwamba tuna utaratibu wa wageni, kwamba usafiri utakuwa juu yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ile ile ya binti yake.

"Njoo kwanza huku, mwalimu," akasema.

Akanipeleka kwenye mlango wa banda. Barua ilikuwa pale, imewekewa plastiki ngumu kama kitambulisho, imepigiliwa misumari minne. Muhuri wa chuo ulikuwa haujafifia. Aya nne, kila koma mahali pake.

"Hii watu wa mnunuzi walikuja nayo mwezi wa pili baada ya yale mambo," akasema. "Mtu akikataliwa ndoo yake akilalamika, anaambiwa nenda kasome pale mlangoni. Wanatuambia hata chuo kimekubali kwamba tunapimiwa kwa haki. Wananinyooshea kidole, wanasema hata mtoto wa huyu mzee mwenyewe kamkana baba yake. Wote hawa walishakataliwa wakaletwa kusoma hapa."

Nikatoa kitambaa nikajifuta vumbi usoni.

"Tusomee, mwalimu."

"Mmeshaisoma, baba."

"Sisi tumeisoma. Nataka nikusikie wewe."

Watu wakasogea. Nikasoma. Niliisoma yote, kwa sauti ya darasani, kwa sababu sina nyingine. Nilipofika kwenye "kwa haki na kwa uwazi" mwanamke mmoja mwenye ndoo ya bluu akatema mate chini, si kwangu, pembeni tu. Nikamaliza na "wako mtiifu".

"Mtoto wangu haandiki hivi," mzee akasema. "Huyu akiniandikia hata meseji anaanza kuniuliza kama nimekula, ndipo anasema shida yake. Hapa hakuna mahali ameuliza mtu kala. Nikajua siku ile ile siyo yeye. Nani kaandika?"

Ningeweza kusema ofisi. Neno hilo lilikuwa karibu sana na mdomo.

"Mimi," nikasema.

Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea kwa shukrani. Aligeuka akaenda ndani ya banda, akarudi na daftari la karani, akachana karatasi moja ya katikati kwa uangalifu ili isichanike vibaya. Akaniwekea juu ya mfuniko wa ndoo ya yule mwanamke.

"Kama uliweza kuandika ile, utaweza kuandika nyingine."

Niliandika nikiwa nimepiga magoti, kwa sababu ndoo ilikuwa chini. Niliandika kwamba barua ya mlangoni niliitunga mimi, kwamba binti alisainishwa, kwamba asali ya baba yake ilionekana na watu wote ukumbini ikiwaka na mnunuzi mwenyewe akaisifia daraja la kwanza, kwamba mnunuzi aliombwa apime kwa kiberiti cha mfuko wa kushoto hakupima, na kwamba aliyeanzisha makofi ni mimi. Mfuniko ulikuwa unacheza, na mwandiko ukawa mbaya. Nikaweka jina langu kamili, nikasaini, nikampa kwa mikono miwili.

Mzee aliisoma taratibu, midomo ikitembea. Akaisoma tena. Akampa mwanamke wa ndoo ya bluu, naye akaisoma, ikazunguka mikononi mwa wote kumi mpaka ikamrudia. Kwa mbali gari la kukusanya asali lilianza kusikika, na watu wakaanza kupanga ndoo zao mstari.

Mzee akaigeuza karatasi upande wa nyuma, akaigeuza tena mbele, akanitazama.

"Mwalimu," akaniuliza, "muhuri uko wapi?"